Mlango Utazame Mlima

Alikuja na kanda ya kupimia, mhandisi Tapan,
kofia ya plastiki, kalamu nyuma ya sikio,
akapiga magoti kwenye udongo mwekundu
kana kwamba anauomba radhi.
Akauliza: mnahitaji lita ngapi, kwa kichwa, kwa siku?

Tukatazamana.
Hatujawahi kujipima kwa lita.
Sisi hupima kwa mtungi wa alumini,
kwa ngazi sitini na nne za mifuko ya mchanga,
kwa bega lipi linauma leo.

Kule tulikotoka, ng'ambo ya mto Naf,
nilikuwa na kisima changu chini ya mpopoo.
Maji yake yalikuwa na ladha ya sarafu.
Kisima sikililii. Ladha tu ndiyo hunijia
nikiyanywa haya yenye dawa.

Huku walichimba mbiombio, mwaka ule wa kwanza:
pampu hapa, choo pale, hatua saba kati yao,
na udongo hausomi vibao.
Kilichozikwa kikashuka, kikapanda tena na mpini,
tukakinywa.
Mtoto wa Gul Zahar aliharisha siku tatu.
Siku ya nne mama alikuwa bado anafua nguo zake.

Wanasema maji ukiyavulia nguo, yaoge.
Sawa. Lakini nguo nizivulie wapi?
Kuta ni turubai, na turubai halina siri:
ukiwasha taa ndani, kivuli chako
kinaoga mbele ya kaya arobaini.

Kwa hiyo twala kidogo.
Hili sikumwambia Tapan mara ya kwanza.
Twala wali mkavu, hatunywi tangu alfajiri,
ili mwili usitudai kitu kabla ya giza;
na giza likija, twaliogopa giza.
Shomshida alibana mkojo hadi figo zikamwangusha.
Vyoo vilikuwepo. Sita. Vimehesabiwa, vimepigwa picha.
Milango yote yatazama njia,
na njiani kuna duka la chai,
na dukani kuna macho.

Mara ya pili akatandaza ramani juu ya mkeka.
Rofika, miaka kumi na mitatu, asiyesema mbele ya watu,
akaichukua ile kalamu,
akakifuta kile kimstari cha mlango kwa kidole chenye mate,
akakichora upya upande wa pili.
"Utazame mlima," alisema.
Wanaume wa kamati wakakohoa.
Tapan hakukohoa. Aliuliza, "Na vile vingine vitano?"

Haikuwa muujiza. Mianzi ilichelewa wiki tano,
mvua ikala ngazi kumi na moja,
mkandarasi akataka kupigilia bawaba kulekule kwa zamani,
nasi tukaketi juu ya mbao zake hadi jioni,
wanawake tisa na kuku mmoja wa Gul Zahar.
Lakini shimo sasa liko mbali, chini ya pampu kwenye mteremko,
na komeo liko ndani,
na ipo kamba ya kuanikia vitambaa vyetu vya mwezi,
palipo na jua, pasipo na mtu.

Jana nilimwona Rofika, saa saba, jua la utosi,
akipanda na kopo lake,
hakimbii,
hageuki nyuma.
Mlango ukafungwa. Komeo likalia.

Nami nikainama bombani, nikanywa glasi nzima,
nikakaa kidogo, nikaongeza nyingine.
Bado yana ladha ya dawa.
Nikalikumbuka lile swali la kwanza.
Andika, Tapan:
glasi mbili, mchana kweupe.